Rubani kaandika "injini mbovu": uanzie wapi kwenye Cessna 172?

"Fundi, ndege yako mgonjwa."

"Inaumwa wapi, kapteni?"

"Injini. Haiko sawa."

Ukifungua daftari la ndege unakuta maneno mawili tu: injini mbovu. Kapteni ameshaondoka, na wewe umebaki na spana mkononi. "Mbovu" ni hukumu, na fundi hafanyi kazi na hukumu. Anataka dalili.

Kwenye hanga tuna maneno yetu, na ni vizuri rubani ayajue. Injini inamisi: mdundo unaruka, kama ngoma iliyokosa pigo. Inakohoa: inakata ghafla kisha inarudi. Inazubaa: unasukuma nguvu, inachelewa kuitikia. Inalegea: nguvu zinapungua kidogo kidogo bila kelele yoyote. Inatetemeka: mtikisiko unausikia kwenye kiti, na hapo kosa linaweza kuwa la propela, injini ikawa inasingiziwa. Kila neno lina mlango wake, na ukiingia kwa mlango usio wake utazunguka nyumba nzima usimkute mwenyewe.

Ninayoandika hapa yanahusu 172 za zamani zenye injini ya Lycoming O-320 ya kabureta, zile ambazo shule nyingi za urubani bado zinazo. Matoleo ya baadaye, 172R na 172S, hayana kabureta, kwa hiyo habari ya barafu huko chini haiyahusu. Kitabu cha matengenezo cha ndege yako ndicho chenye kauli ya mwisho, na anayesaini ndege irudi kazini ni mhandisi mwenye leseni. Mimi naonyesha pa kuanzia tu.

Kabla ya kushika spana, mkalishe kapteni, mpe chai kama ipo, kisha umhoji. Ilitokea chini au angani? Injini ilikuwa baridi au imeshapata moto? Kimo gani? Kulikuwa na mawingu au mvua? Kile kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho (mafuta mengi) au kimevutwa (mafuta yamepunguzwa)? Na alipogusa kitu, iwe swichi ya magneto (kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche za plagi), kitasa cha hewa ya moto inayoingia kwenye kabureta au swichi ya tangi, injini ilibadilika vipi? Hilo la mwisho lipe uzito kuliko yote. Rubani aliyegusa kitu injini ikabadilika ameshakumalizia nusu ya kazi bila yeye kujua.

Mizunguko inaporomoka wakati wa kupima magneto

Hii ndiyo inayotuletea wateja wengi. Injini ina magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili. Kwenye toleo la 172N, magneto ya kulia inawasha plagi za chini upande wa kulia na za juu upande wa kushoto. Ya kushoto inawasha zilizobaki. Kipimo hufanyika kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika. Ukibaki na magneto moja, mizunguko isishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya kulia na kushoto isizidi 50.

Wengi wanasoma tarakimu wakaishia hapo. Sikiliza na namna inavyoshuka. Ikishuka ghafla na injini inamisi, kuna silinda ambayo haipati moto: shuku plagi au waya wake. Ikishuka polepole, mbali, lakini mdundo ni laini, plagi zote zinawaka ila zinawaka wakati usio wao: shuku taimingi ya magneto, au pointi zake za ndani zilizolika. Ikishuka sana pande zote mbili kwa ulaini ule ule, kabla hujagusa magneto yoyote tazama kitasa chekundu. Huenda injini inakunywa mafuta mengi kupita kiasi.

Kwa ndege ya mafunzo, plagi zilizochafuka ndizo za kwanza kwenye orodha yangu. Mafuta ya 100LL, yale ya bluu, yanaitwa ya risasi kidogo, lakini bado yanaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Mwanafunzi anatembeza ndege chini taratibu, anasubiri zamu, anasoma orodha yake ya ukaguzi mstari kwa mstari, na muda wote huo kitasa chekundu kimesukumwa hadi mwisho. Plagi hazipati joto la kuichoma ile risasi, basi vijiwe vidogo vya kijivu vinajipanga ndani yake, hasa kwenye plagi za chini.

Dawa ya kwanza haihitaji kufungua kitu. Pandisha mizunguko hadi kati ya 1,800 na 2,000, vuta kitasa chekundu polepole mpaka mizunguko ifike kileleni na ianze kushuka kidogo, ishike hapo kama dakika moja, kisha rudisha na upime tena. Mara nyingi inapona. Andika kwenye daftari kwamba ilikuwepo na imepona, usione aibu. Ikijirudia wiki ijayo, aliyeko zamu ajue haianzi leo.

Ikigoma, tafuta silinda baridi. Anza na injini iliyopoa kabisa. Iwashe, iache ikimbie muda mfupi kwa magneto inayolalamikiwa, kisha izime. Chukua kipimajoto cha kulenga kwa mbali, pima bomba la ekzosti la kila silinda karibu na kichwa. Matatu yatakuwa ya moto, moja limezubaa. Umempata.

Sasa usikimbilie dukani. Toa plagi inayohusika kwenye silinda hiyo, ipeleke silinda nyingine ya magneto ile ile, na ya huko uilete huku. Rudia kipimo. Ubaridi ukihama pamoja na plagi, mwizi ni plagi. Ukibaki palepale, ni waya. Ikiwa silinda zote zinamisi kwa magneto moja, hapo sasa ndipo uiwazie magneto yenyewe. Nimeshuhudia magneto nzima ikishushwa, ikafungwa kwenye boksi, ikasafirishwa kwa ukarabati, na iliporudi ugonjwa ukawa bado umekaa kwenye kiti chake, kumbe plagi ya namba tatu. Pesa iliyotumika sitaki kuikumbuka.

Plagi ukiwa nayo mezani, ipime ukinzani kwa mita. Ikizidi omu 5,000, iache, hata kama imesafishwa inang'aa. Plagi iliyodondoka sakafuni nayo iache. Kauri ya ndani hupasuka bila kukuonyesha ufa. Na gasketi ya shaba ni mpya kila unapofunga. Ile ya zamani imeshabanwa ikawa ngumu, na gasi itapata njia.

Haishuki kabisa

Kuna rubani atakuja anatabasamu: "Fundi, leo magneto safi, haijashuka hata mzunguko mmoja." Tabasamu hilo lisikuambukize. Magneto huzimwa kwa kuunganishwa na bodi kupitia waya mwembamba unaotoka kwenye swichi. Waya ukikatika au nati yake ikilegea, swichi inasema "zima" lakini magneto haijasikia. Mizunguko haishuki kwa kuwa hakuna kilichozimwa.

Hii ni hatari kuliko yote niliyoandika hapa. Magneto haihitaji betri. Mtu akiizungusha propela kwa mkono, hata kwa kuisogeza tu ili ndege iingie hanga, injini inaweza kuwaka. Weka ilani kwenye propela na kwenye usukani, mwambie kila mtu kwenye eneo, ndipo utafute waya. Na hata ndege nzima, isiyo na tatizo lolote, propela yake iheshimu kama iliyo hai.

Inamisi asubuhi, ikipata moto inapona

Injini imelala usiku kucha. Unaiwasha, inatetemeka na kumisi dakika moja au mbili, halafu inatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Rubani anaruka na haandiki kitu, kwa sababu "ilipona yenyewe".

Haijapona. Kwa Lycoming, hii ni dalili ya kawaida ya valvu ya ekzosti inayonata kwenye gaidi yake, yaani kile kibomba kinachoongoza shina la valvu. Masizi na mabaki ya oili yamekauka kwenye shina la valvu. Injini ikiwa baridi nafasi ni finyu, valvu inabaki wazi, silinda haibani. Joto likifika, inaachia. Siku moja haitaachia, pushrodi (fimbo inayosukuma valvu) itapinda, na siku hiyo huenda ndege iko juu ya msitu. Lycoming wanao waraka wa huduma namba 388C unaoeleza jinsi ya kupima nafasi kati ya shina na gaidi. Ukiona dalili hii usingoje saa za ukaguzi zitimie. Mweleze rubani kwamba kumisi kwa asubuhi ni taarifa ya kuandikwa, hata kama kulidumu sekunde thelathini.

Inalegea angani, chini nzima

Miaka ile nikiwa bado namshikia taa fundi mkuu, ndege moja ilirudi kwetu mara tatu ikitokea Unguja, maandishi yale yale: nguvu zinapungua ikiwa juu ya bahari. Mara tatu tuliipima chini, mara tatu ilikimbia kama mpya. Tulibadili plagi. Tulisafisha filta. Tulifungua kabureta na kuiosha. Mara ya nne fundi mkuu, mzee wa maneno machache, hakugusa hata skrubu. Alimwuliza rubani, "Ulivuta hewa ya moto?"

"Nilivuta, mzee. Ikazidi kuwa mbaya, nikairudisha haraka."

Mzee akafunga sanduku lake la spana, akaenda kunywa kahawa.

Ilikuwa barafu. Najua ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba injini yake iliganda barafu, shati limemganda mgongoni kwa jasho, atakucheka. Lakini ndani ya kabureta petroli inageuka mvuke na kunyonya joto, na hewa inatanuka ikipita kwenye koo jembamba. Joto humo linaweza kushuka zaidi ya nyuzi 20. Hewa ya nje ikiwa ya nyuzi 25 na imejaa unyevu kama ya pwani, unyevu unaganda kwenye ukuta wa kabureta na kuziba njia polepole. Hatari inaongezeka rubani anapopunguza nguvu ili ashuke. Ndege ikishatua, joto la injini linayeyusha kila kitu. Wewe unafungua kabureta, unakuta safi. Ushahidi umekauka.

Kilichomtisha rubani yule ndicho kilichokuwa dawa yake. Ukivuta hewa ya moto, kwanza mizunguko inashuka kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi. Kisha barafu inayeyuka, maji yanaingia kwenye silinda, injini inakohoa vibaya. Ukivumilia, mizunguko inapanda kupita ilipokuwa mwanzo. Akirudisha kitasa kati ya safari, ameiacha barafu yake humo.

Kazi ya fundi hapa ni kuhakikisha hiyo hewa ya moto ipo kweli. Chini, kwenye mizunguko 1,700, vuta kitasa: mizunguko lazima ishuke. Isiposhuka, kebo imekatika au imeteleza kwenye kibanio chake, au bomba laini linaloleta hewa kutoka kwenye gamba la ekzosti limechanika. Fungua kava la injini utazame kile kibao cha kugeuza hewa mtu akivuta kitasa ndani; kitembee hadi mwisho wa pande zote mbili. Kikiishia nusu wazi muda wote, utapata ndege dhaifu siku zote na hutajua kwa nini. Kumbuka pia kwamba hewa hii haipiti kwenye filta. Kwenye kiwanja cha vumbi usiivute muda mrefu, utailisha injini mchanga.

Pwani inavuta, Arusha haivuti

Ndege hiyo hiyo, rubani huyo huyo. Dar inapaa bila neno. Arusha, karibu mita 1,390 juu ya bahari, au Wilson pale Nairobi, karibu mita 1,690, inatetemeka ikiwa kwenye nguvu zote, ekzosti inatoa moshi mweusi, na rubani anaandika kwamba injini imechoka.

Toa plagi moja. Ukikuta masizi meusi makavu, jibu linakaribia kuwa la kitasa chekundu. Hewa ya juu ni nyembamba. Mafuta yaliyotosha pwani huku yanazidi. Kitabu cha rubani kinaelekeza kupunguza mafuta kabla ya kupaa kutoka viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, yaani kama mita 900: nguvu zote, vuta kitasa mpaka mizunguko ifike juu kabisa. Mafunzo ya pwani humzoesha mwanafunzi kusukuma kila kitu mbele, na mazoea hayo anapanda nayo mlimani. Mwambie kwa upole, kapteni hapendi kuambiwa kosa ni lake. Kisha mkumbushe kwamba hata akipanga vizuri, injini isiyo na taabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, haitampa nguvu za pwani.

Ikiwa amepanga vizuri na moshi mweusi bado upo, hapo ni zamu yako: filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi, praima (pampu ndogo ya kuingizia petroli wakati wa kuwasha) isiyofungika vizuri inayovujisha petroli ndani, au boya la kabureta lililokaa juu kupita kiasi.

Inakohoa mara tu baada ya kujaza mafuta au baada ya mvua

Maji. Yanazama chini ya petroli, na bomba la kwenda kwenye injini liko chini. Kwa 172 za umri huu, mlango wa kwanza ni mpira wa kifuniko cha tangi: umekakamaa, umepasuka, na mvua ya masika inaingia usiku kucha. Mlango wa pili ni mafuta ya kwenye mapipa.

Kuna mtego kwenye kichupa cha kupimia. Wote tunafundishwa kutafuta mstari kati ya maji na mafuta, tone linalozunguka chini. Lakini maji yakiwa mengi, kichupa kizima kinajaa maji matupu, mstari haupo, na mtu anasema safi! Tafuta rangi. 100LL ni ya bluu. Inua kichupa mbele ya kitu cheupe. Kama hakuna bluu, ama umeshika maji, ama mtu amechanganya mafuta ya ndege za jeti. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli itakauka iondoke, mafuta ya jeti yataacha duara la mafuta. Ukiona duara hilo, ndege haiwashwi. Mafuta hayo kwenye injini ya plagi yanaleta mlipuko usio na mpangilio ndani ya silinda, na pistoni hazitakuvumilia.

Toa sampuli kila tangi na kwenye kikombe cha chujio, na ukishajaza mafuta yape muda maji yatulie chini kabla ya kupima. Tikisa bawa kama umeshuku.

Geji ya mwendo inasema uongo

Hapa injini haihusiki, ila malalamiko huja kwa sura ile ile: "ndege haipati mwendo." Muulize geji ngapi zilidanganya. Kama ni ya mwendo peke yake, tatizo liko kwenye mrija wa pitoti chini ya bawa la kushoto, ule unaopokea upepo wa mbele ili geji ipime mwendo. Tundu la mbele likiziba na la kutolea maji likabaki wazi, mwendo unashuka hadi sifuri. Yakiziba yote mawili, geji inageuka kuwa ya kimo: ndege ikipanda mwendo unapanda, ikishuka unashuka. Kama geji ya kimo imeganda na ya kupanda na kushuka imelala sifuri, lililoziba ni tundu la statiki ubavuni, lile linalopima kani ya hewa iliyotulia nje ya ndege.

Mkosaji mkuu kwetu ni nyigu wa udongo. Siku chache za ndege kukaa bila kifuniko cha pitoti zinamtosha kujenga. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 iliyopaa Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ilianguka na kuua watu wote 189. Mrija mmoja wa pitoti ulikuwa umeziba, na wachunguzi walimshuku mdudu wa jamii hiyo. Oktoba 2 mwaka ule ule, 757 nyingine ilianguka baharini karibu na Lima na kuua watu 70, kwa sababu baada ya kuoshwa, utepe wa gundi uliachwa umefunika matundu ya statiki. Aliyeuweka alikuwa mtu wa matengenezo kama mimi na wewe.

Usipulize pitoti kwa mdomo wala kwa kompresa geji zikiwa zimeunganishwa, utaua geji. Chomoa bomba kwanza nyuma ya geji, ndipo upulize kutoka ndani kwenda nje. Ukimaliza, mfumo upimwe kama una mvujo.

Mawili madogo

Taa ya volti ndogo ikiwaka injini ikiwa kwenye mizunguko midogo, ongeza hadi kama 1,500 kwanza. Ikizimika, hakuna ugonjwa. Ikibaki, zima swichi kuu pande zote mbili kisha iwashe, kwani kinga ya volti kubwa huenda ilikata. Bado? Mkanda wa alteneta uliolegea, halafu brashi, halafu waya wa fildi. Anza na mkanda, unaushika kwa mkono tu, injini imezimwa.

Gurudumu la mbele linalotikisika baada ya kutua, kila mtu anaagiza kizuia mtikisiko kipya. Inua pua ya ndege, shika tairi, lizungushe kulia na kushoto. Kama linacheza kabla mkono wa juu haujafuata, bushi za zile pingu za kati (mikono miwili inayounganisha sehemu ya juu na ya chini ya mguu wa mbele) zimelika, na kizuia mtikisiko kipya kitakaa wiki mbili. Pima na upepo wa tairi. Halafu muulize kapteni kama anatua kwa magurudumu ya nyuma kwanza, ila muulize akiwa ameshamaliza chai.